Kabla Hujaipa Gemu Alama

Uhakiki wangu wa kwanza niliuandika baada ya jioni mbili kwenye banda la gemu, tukiwa vijana saba na pedi mbili. Ilikuwa gemu ya mpira. Tulipiga kelele, tukabishana, tukacheza mpaka mwenye banda akazima swichi, nami nikaenda nyumbani nikaipa tisa kati ya kumi. Wiki chache baadaye jamaa mmoja akaniandikia. Alijinyima mwezi mzima akainunua, akaicheza peke yake chumbani, na baada ya siku tatu haikuwa na kitu tena cha kumshika. Nilichokuwa nimekihakiki ni raha ya lile banda. Upande wa mchezaji mmoja sikuufungua kabisa, na msomaji sikumwambia kwamba sijaufungua.

Kwa hiyo wewe unayeanza kazi hii, anzia hapo: mwambie msomaji umecheza sehemu gani, kwa saa ngapi, kwenye mashine gani, na ulikuwa na nani. Mimi huweka daftari kando ya kiti. Naandika saa niliyoanza, mahali nilipokwama, mara ngapi gemu imejifunga yenyewe, na mara ngapi nimeshika simu kwa kuchoka. Hilo la mwisho usilidharau. Ukishika simu mara nne ndani ya saa moja, gemu imeshakuambia jambo kabla hujaanza kulitafutia maneno. Na kama hukuimaliza, sema hukuimaliza. Zipo gemu za saa mia, na si aibu kuandika ukiwa umefika saa ya arobaini, mradi msomaji ajue uliishia wapi.

Somo kubwa zaidi la hili ninalolijua ni gemu ya Cyberpunk 2077, iliyotoka tarehe 10 Desemba 2020. Kabla ya siku hiyo CD Projekt, kampuni ya Poland iliyoitengeneza, iliwapa wahakiki toleo la kompyuta tu, na haikuwaruhusu kuonyesha video walizorekodi wenyewe. Wengi waliisifu, alama zikapaa. Kisha wenye PlayStation 4 na Xbox One za kawaida wakaifungua kwao: picha zinakatakata, watu barabarani wanatokea ghafla mbele ya macho, gemu inajifunga katikati ya mchezo. Hata wiki mbili hazikuisha, Sony ikaiondoa kwenye duka lake la mtandaoni, na haikurudi mpaka Juni 2021. Wahakiki wale hawakudanganya. Walichokiona kwenye kompyuta zao kilikuwa kweli. Ila mtu mwenye PS4 aliyoinunua mtumba hakuwa na yeyote aliyekionja chungu chake kabla yake, na ni wachache waliomwambia hivyo kwa sauti. Ukinyimwa toleo fulani, andika kwenye aya ya kwanza kabisa kwamba umenyimwa. Kunyimwa nako ni habari.

Sasa alama yenyewe. Wengi wanaoanza huja na jedwali: michoro kumi, sauti kumi, hadithi kumi, uchezaji kumi, jumlisha, gawanya kwa nne. Liache. Alexey Pajitnov alipoitengeneza Tetris, gemu ya kupanga vipande vinavyoanguka, jijini Moscow katikati ya miaka ya 1980, alikuwa na mashine ya Elektronika 60 isiyoweza kuchora picha, kwa hiyo vipande vya kwanza vilikuwa mabano ya maandishi yaliyopangwa pamoja. Michoro hakuna, hadithi hakuna. Kwenye jedwali lako ingefeli masomo mawili kati ya manne, na dunia haijaacha kuicheza mpaka leo. Hakuna mtu anayeonja pilau kwa kuupa mchele alama zake na bizari alama zake. Andika kwanza maneno yote, yasome kesho yake, kisha jiulize maneno haya yanastahili namba gani. Namba ikija mwanzo, maneno yatajipinda kuitetea.

Namba nazo hazina maana moja kila mahali. Kwa mtu aliyesoma shule zetu, hamsini kwa mia si aibu. Kwenye uhakiki wa gemu, kwa mazoea ya miaka mingi, hasa Marekani, saba husomwa kama "inafaa tu" na tano husomwa kama tusi. Jarida la Edge la Uingereza, lililoanza mwaka 1993, lilishikilia kwamba tano ni wastani. Mimi niko upande huo, kwa sababu kipimo chenye nafasi kumi ukitumia nne tu za juu, umejifunga mikono mwenyewe. Jarida la Famitsu la Japani lina njia nyingine ninayoipenda: wahakiki wanne, kila mmoja na kumi yake, jumla arobaini. Gemu ya kwanza kupata arobaini kamili ilikuwa The Legend of Zelda: Ocarina of Time, mwaka 1998. Ila kinachonivutia mimi ni zile kurasa ambapo mmoja ametoa tisa na jirani yake ametoa sita, na zote mbili zimechapwa, msomaji akajionea kwamba watu wazima wametofautiana.

Ukishaitoa namba yako, haibaki kwako. Metacritic, tovuti iliyoanza mwaka 2001, hukusanya alama za wahakiki na kuzigeuza zote ziwe kwa mia. Nyota tatu kati ya tano zinakuwa 60, hata kama kwako nyota tatu zilimaanisha gemu nzuri. Kisha wastani unapakwa rangi, na kwa gemu rangi ya kijani huanzia 75, wakati filamu huipata kuanzia 61. Yaani 70 ya filamu ni ya kijani na 70 ya gemu ni ya njano. Tena baadhi ya vyombo vya habari hupewa uzito mkubwa kuliko vingine, na uzito huo hautangazwi.

Namba hiyo pia huingia kwenye mifuko ya watu. Fallout: New Vegas ilitoka mwaka 2010, ikiwa imetengenezwa na studio ya Obsidian kwa ajili ya Bethesda, kampuni iliyoichapisha. Mwaka 2012 Chris Avellone, mmoja wa wakuu wa Obsidian, alisema hadharani kwamba mkataba wao uliahidi bonasi kama gemu ingefika 85 Metacritic. Ilipata 84. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza mkono ulinitetemeka kwa wiki nzima, nikaanza kuongeza nusu alama hapa na pale. Nilikosea. Mkataba ule waliuandika wenyewe wenye kampuni, mhakiki hakuwepo mezani. Wewe unamwandikia yule aliyejinyima mwezi mzima. Unachodaiwa na watengenezaji ni kucheza kwa makini na kutowachezea kwa alama ya chini ya kutafutia umaarufu. Na gemu ukipewa bure, sema umepewa bure.

Kuna mambo ambayo mhakiki wa London au Los Angeles hana haja ya kuyaandika, lakini ukiwaandikia watu wa kwetu ni ya lazima. Andika ukubwa wa gemu: Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023 inataka nafasi ya GB 150, na kwa anayenunua bando hiyo ni gharama ya pili juu ya bei. Andika kama diski inatosha au inataka kupakua tena mzigo mwingine. Zima intaneti uone kama inafunguka. Jaribu kucheza na mtu wa mbali usiku, uandike kama mpira unafika mguuni kwa wakati. Angalia kama inaseivu yenyewe mara kwa mara, maana umeme ukikatika saa mbili za mtu zinaweza kupotea. Kaa mbali na skrini ndogo uone kama maandishi yanasomeka.

La mwisho ni kwamba gemu za siku hizi hubadilika baada ya kutoka. PES, gemu ya mpira ya kampuni ya Konami iliyolea mabanda mengi ya huku, ilibadilishwa kuwa eFootball tarehe 30 Septemba 2021. Ilikuja ikiwa mbovu, maoni mabaya yakajaa Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, Konami wakaomba radhi, na toleo lililorekebishwa likafika Aprili 2022. Aliyeihakiki Septemba aliandika kweli, na aliyeihakiki Mei naye aliandika kweli. Kwa hiyo weka tarehe na namba ya toleo kila mara, na usifute alama ya zamani. Uhakiki wangu wa lile banda haujafutwa: tisa bado ipo, na chini yake kuna aya niliyoiongeza baada ya kuicheza gemu ile peke yangu kwa wiki mbili, nikaipa sita.