Wali wa mboga sufuria moja: maswali yenu haya hapa

Wiki iliyopita niliwapa wali wangu wa mboga wa sufuria moja, karoti, hoho, njegere na mnafu kwa juu, nusu saa mnakula. Sa maswali yamekuja mengi, najibu haya manne kwanza mengine mtanivumilia.

Nimefuata yote lakini ukatoka bokoboko, watoto wanauliza huu ni uji au wali. Nimekosea wapi? (Mama wa Njiro)

Pole mama, hayo ni maji tu. Kile kipimo cha maji vikombe viwili kwa mchele kikombe kimoja ni cha wali mtupu, ila hapa una karoti una hoho pengine na nyanya, zote zinatoa maji yake, alafu mnafu umeuosha haujachuja vizuri ukautumbukiza humo humo. Mi naweka kikombe kimoja na nusu tena ya moto. Kaanga kitunguu mpaka kianze kubadilika rangi, weka tangawizi na swaumu, karoti na njegere, ndo umwage mchele uliochujwa ukauke, ugeuze kwenye mafuta dakika mbili tatu mpaka uusikie unalia kama changarawe kwenye mwiko, hapo sasa chumvi na maji. Maji yakizama ukaona vitundu juu ya wali, gesi shusha mpaka mwisho maana huku hatupalii makaa, funika na sahani chini ya mfuniko, dakika kumi. Hoho na mnafu vinaingia dakika tano za mwisho, vinaiva kwa mvuke na rangi inabaki. Na ile ya kufunikia mfuko wa nailoni jamani acheni, plastiki na chakula cha moto wapi na wapi.

Mnafu wangu mchungu hadi mume wangu anautenga pembeni ya sahani, niweke sukari? (Dada wa Majengo, Moshi)

Sukari tena dada! Hapana. Pale Mbuyuni usibebe fungu kwa ukubwa, angalia majani, machanga ambayo bado hayajatoa maua ndo hayana uchungu sana, na ukikuta vitunda vya kijani vitoe vyote, vikiwa vibichi hivyo vina sumu. Chemsha dakika tano, mwaga yale maji, kamua, weka kwenye wali na maziwa fresh vijiko vitatu hivi. Mama yangu hakuwahi kupika mnafu bila maziwa na sikumbuki aliyewahi kubakiza.

Naweza kutumia mtama badala ya mchele? Nilijaribu, saa nzima hata haujalainika, gesi inaisha. (Kijana wa geto, Sakina)

Unaweza mdogo wangu, ila kumbuka uko Arusha, tuko juu kama mita 1,400 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 tu wakati Dar yanafika 100, ndo maana maharage na mtama vinatusumbua huku hata ukiongeza moto, maji hayapandi zaidi ya hapo, unachoma gesi bure. Loweka asubuhi ukienda kazini, jioni mwaga maji, pika. Ukipata presha kuka ndo umemaliza kabisa, ile inabana mvuke joto linapita 100 hata ukiwa huku juu. Na usichanganye mboga mwanzoni, mtama uive peke yake kwanza, alafu ukaangie kitunguu na karoti pembeni uchanganye. Chenga za mchele nazo ni nafuu na zinaiva chap, ila maji punguza zaidi maana zinavurugika haraka.

Uliobaki usiku naweza kumfungia mtoto shule?

Kama ulipoa ukaingia friji mapema usiku ule ule, sawa, asubuhi upashe mpaka utoe moshi. Kama umelala juu ya jiko, mwaga. Wali una vijidudu vinavyovumilia kupikwa, vikikaa kwenye joto la kawaida vinatoa sumu ambayo kupasha haiiondoi. Najua inauma, mi mwenyewe juzi nimemwaga nusu sufuria, na njegere za Tengeru nilizomenya kwa mkono jioni nzima zimo humo.