Kabla Hujapakia Programu, Hesabu Umeme

Msomaji mmoja wa Handeni ameniuliza: ana vishikwambi kumi vya kufundishia watoto wasiofika shule, apakie programu gani? Hiyo ndiyo kazi nyepesi. Watengenezaji wa programu Kitkit School na onebillion, walioshinda kwa pamoja mwaka 2019 Global Learning XPRIZE, shindano la programu za kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu, walijaribiwa humu humu mkoani Tanga, kwa Kiswahili, na programu zao ni huria. Kinachoua miradi hii ni chaji, na inaniuma kuona watu wakilijua hilo wakati fedha zimeshakwisha.

Betri ya kishikwambi ya mAh 5,000 (ujazo wake, kama ulivyoandikwa juu yake) hubeba Wh 18.5; Wh ni saa-wati, kipimo cha umeme unaohifadhiwa au kutumika. Ongeza umeme unaopotea njiani, weka Wh 25. Vishikwambi kumi, Wh 250 kwa siku. Paneli ya wati 100 hutoa kama Wh 300 siku ya jua kali, lakini masika yakiingia huenda usipate hata nusu. Nunua ya wati 150, kontrola ya ampea 20, yaani kifaa kinachodhibiti umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, na betri ya asidi ya volti 12, Ah 50 (Ah moja ni mAh 1,000). Betri hiyo ina Wh 600, nawe tumia nusu tu. Ukiizoesha kushuka chini ya volti 12.1, itakufa mapema. Inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, achana nayo, inakula umeme bure. Tumia chaja za USB za gari.

Paneli itazame kaskazini, mwinuko nyuzi 10 hivi, mvua iioshe vumbi. Tawi moja la mwembe likiitia kivuli, umeme unaporomoka.

Halafu simu. Kijiji kikiona sola, simu zitakuja, na si haki kuwafukuza wazazi wa wanafunzi wako. Panga saa: vishikwambi saa tatu asubuhi hadi saa saba, simu saa saba hadi saa kumi na moja, usiku marufuku. Bila hivyo, siku ya mawingu watoto watakaa jamvini wakikodolea vioo vyeusi.

Kinachoharibika kwanza ni tundu la chaji, kwa sababu mtoto huvuta waya kwa upande. Achomeke na kuchomoa mtu mzima mmoja tu, kivulini, mbali na joto la bati. Pwani, kama Pangani, vihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, chumvi isile tundu. Na kwa vishikwambi kumi, nunua waya kumi na tano.