Je, Kasula ya Padri Ilitoka kwa Haruni?

SWALI: Ndugu Mhariri, shangazi yangu, ambaye ni mlokole, husema kuwa mavazi ya mapadri wetu yaliigwa kutoka kwa Haruni, kuhani mkuu wa Waisraeli. Katekista wetu naye hufundisha kuwa ni mavazi ya Mitume wenyewe. Nimwamini nani? – Msomaji, Jinja

JIBU: Ndugu msomaji, hakuna aliyepatia, ingawa shangazi yako hakubuni jambo hilo. Kitabu cha Kutoka, sura ya 28, chaeleza joho la Haruni lenye kengele za dhahabu pindoni na kifuko cha kifuani chenye mawe 12, na waandishi wa Enzi za Kati walipenda kuyafananisha na mavazi ya Kanisa, wakati mavazi hayo yalikuwa yamekwisha kuzoeleka.

Kasula, vazi la juu ambalo padri huvaa kwenye Misa, ilitokana na paenula, joho la Warumi la kujikinga na mvua na baridi, lililovaliwa njiani na watu wa kila aina. Alba, vazi jeupe livaliwalo chini ya kasula, nayo ilikuwa kanzu ndefu ya kawaida. Vyeo vilitangulia mavazi. Mwaka 251 Papa Cornelius aliorodhesha katika Kanisa la Roma mapadri 46, mashemasi 7, mashemasi wadogo 7 na waakoliti (wasaidizi wa ibada) 42, tena wakati ambapo Wakristo wengi walifanya ibada katika nyumba za watu. Huko Dura-Europos, Syria, nyumba moja ilibomolewa ukuta wa ndani ili kupata ukumbi wa ibada, na chumba chake kidogo kikajengewa birika la ubatizo.

Hata mwaka 428 Papa Celestine I aliwakemea maaskofu wa Galia (Ufaransa ya leo) waliojitofautisha kwa mavazi, akiwaambia kuwa watambulikane kwa mafundisho na mwenendo. (Sijui angesemaje akiona darizi za siku hizi!) Kilichobadilika hasa ni mitindo ya walei, yaani waumini wa kawaida: wao walihamia nguo fupi, makleri (mapadri na wenzao wenye daraja) wakabaki na zile ndefu, na vazi la kila siku likawa la ibada. Kanzu yetu ya kwanjula, sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, ina historia ya namna hiyo, kwani ililetwa Buganda na wafanyabiashara wa pwani, na leo posa haiendi bila hiyo.

Stola, ule ukanda mrefu wa kitambaa uvaliwao shingoni, ndiyo yenye habari tofauti. Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Laodikea, katika karne ya 4, uliwakataza mashemasi wadogo, wasomaji na waimbaji kuivaa. Hivyo mapema kabisa, tofauti na kasula, ilikuwa alama ya daraja.