Mbona watafiti hawafichi walichokigundua?

SWALI: Ndugu Mhariri, hapa Mwaloni Kirumba mvuvi akijua penye dagaa hamwambii mtu. Watafiti wanatumia miaka na fedha nyingi, halafu wanaanika matokeo yao kila mtu asome. Hawaogopi kuibiwa? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Anayeibiwa kirahisi ni yule aliyeficha. Ugunduzi huhesabiwa kuwa wa aliyeuchapisha kwanza, na tarehe iliyo kwenye jarida ndiyo hati yake.

Kubwa zaidi, utafiti mmoja hautoshi kuaminiwa. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika mkoani Mwanza katika jamii 12. Katika 6, vituo vya afya na zahanati viliboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa, ambayo hurahisisha VVU kuambukizwa: watumishi walifundishwa na dawa zikapatikana bila kukatika. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 huko, na 1.9 kwenye jamii 6 nyingine. Pungufu ya takribani asilimia 40!

Mwaka 1999 wenzao wa Rakai, Uganda, wakachapisha ya kwao. Wao walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi 10, wakigawa dawa za magonjwa ya zinaa kwa wagonjwa na wasio wagonjwa. Maambukizi ya VVU hayakupungua.

Mtu wa haraka angesema mmoja wao kakosea. Lakini kila upande ulikuwa umeeleza kazi yake hatua kwa hatua, hivyo takwimu ziliweza kulinganishwa. Mwanza, wenye VVU walikuwa kama asilimia 4 ya watu wazima. Rakai, kama 16. Virusi vikishatapakaa kiasi hicho, maambukizi mengi hutokea hata pasipo ugonjwa mwingine wa zinaa. Isitoshe, Mwanza mgonjwa alitibiwa siku aliyokwenda zahanati, ilhali anayesubiri miezi 10 ana muda wa kutosha kuambukizwa tena. Matokeo ya Rakai yangebaki kabatini, kama yanavyobaki mengi ya "hatukuona tofauti", nchi nyingine zingenunua dawa kwa matumaini ya Mwanza peke yake.

Ndiyo maana ripoti isiyotaja dawa gani, kipimo gani, watu walichaguliwaje na wangapi waliacha njiani, haina faida kwa mwingine. Hata kwa sangara ni hivyo: mmoja akipima urefu hadi ncha ya mkia na mwingine akaishia mkia unapoanzia, takwimu za ziwa hilo hilo hazijumlishiki.

SWALI: Nimebuni taa ya sola ya kuvulia dagaa. Na mimi niitangaze? – Fundi, Ilemela

JIBU: Wewe subiri kidogo. Omba hataza, yaani hati ya kulinda ubunifu wako, kwa BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni) kwanza. Andaa maelezo ya taa inavyofanya kazi, michoro, na orodha ya sehemu unazodai ni ubunifu wako. Ukianza kuionyesha mwaloni au kuipeleka gazetini kabla ya hapo, ombi lako linaweza kukataliwa kwa kuwa si kitu kipya tena.