Ampea zilezile, mara ya pili

SWALI: Shikamoo fundi. Nina pasi inayovuta ampea 10. Plagi yake inapata moto mpaka plastiki imebadilika rangi. Aliyenipimia alikuta ukinzani wa omu 0.2 pale waya unapofungwa kwenye pini. Nimezidisha 10 kwa 0.2, nikapata wati 2. Wati 2 zinaunguzaje plagi?
Mwanafunzi wa umeme, mwaka wa kwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hesabu yako imeishia njiani. Ampea ukizizidisha kwa omu unapata volti, kwa hiyo hiyo 2 ni volti zinazopotelea pale kwenye skrubu. Kupata wati, zidisha volti hizo kwa ampea: 2 mara 10, wati 20. Ampea zimeingia kwenye hesabu mara mbili, na ndiyo maana kanuni inasema mkondo (yaani ampea) kipeo cha pili mara ukinzani. Mwanafizikia Mwingereza James Prescott Joule alichapisha jambo hilo mwaka 1841, baada ya kupitisha umeme kwenye waya uliozamishwa majini na kupima maji yalivyopata joto.

Usizidharau wati 20. Chuma cha kulehemu cha wati 25 kinayeyusha risasi. Pasi yako ina wati nyingi mno kuliko hizo, ila joto lake limetandaa kwenye bamba zima. Hizi 20 zimebanana penye upana wa kichwa cha kiberiti.

Niliwahi kufungua plagi kama yako. Skrubu ilikuwa imelegea nusu mzunguko tu, lakini nyuzi za shaba zilishakuwa nyeusi na plastiki imevimba kuzunguka pini. Ule weusi ni shaba iliyoungua, nao haupitishi umeme vizuri. Ukinzani unapanda, joto linaongezeka, shaba inazidi kuungua.

Sasa chukua kifaa cha ampea 5 ukifunge kwenye plagi hiyohiyo: 5 mara 5 mara 0.2, wati 5. Ampea nusu, joto robo. Taa ya nusu ampea ingetoa wati 0.05, wala usingehisi kitu kwa mkono. Ndiyo maana watu wengi huapa kwamba plagi ni nzima, kwa kuwa taa inawaka.

Chomoa pasi. Kata waya mpaka ufikie shaba inayong'aa, funga plagi mpya, kaza skrubu sawasawa. Kisha zima umeme kwenye swichi kuu umwite fundi aitazame soketi, maana joto la pini huenda limeshalegeza vibano vya ndani.