Kabla hujagawa methani ya bwawa, fuata maji kwanza

Wadogo zangu, wiki hii nimesoma drafti tatu za LCA (hesabu ya uchafuzi wote wa kitu tangu chanzo chake mpaka kwa mtumiaji) ya umeme wa Tanzania, na zote zina kosa lile lile nililofanya mimi, nimeshindwa kunyamaza.

1. Kipimo. Sema mapema kama ni kWh iliyotoka kituoni au iliyofika kwenye mita ya mteja, umeme unapotea njiani.

2. Gesi haianzii Kinyerezi, kwenye vituo vya umeme wa gesi vya Dar es Salaam. Inaanzia visimani Songo Songo na Mnazi Bay, inasafishwa, inasafiri kwenye bomba, na methani inayovuja huko kote ni ya kwenye hesabu yako. Kwa miaka 100 kilo moja ya methani inapasha joto karibu mara 30 ya kilo ya kaboni dayoksaidi, sio kitu cha kuruka.

3. Mabwawa. Hapa jamani tukae. Disatesheni yangu ilikuwa ya umeme wa maji, nikachukua eneo lote la bwawa la Mtera, nikakadiria methani ya majani na miti inayooza chini ya maji, afu nikagawanya kwa umeme wa kituo cha Mtera peke yake, megawati 80. Ikatoka namba ya kutisha, Mtera ikawa mbaya kuliko makaa ya mawe! Badala ya kushtuka nikafurahi, nikajua nimegundua kitu, nikalala na hiyo namba miezi minne mpaka siku ya difensi. Mzee mmoja kwenye paneli, mtu wa mabwawa siku nyingi, akauliza kwa upole, "Kijana, maji yakitoka Mtera yanaenda wapi?" Nikasema yanashuka na Ruaha Mkuu. "Yakishuka yanafika wapi?" Kidatu. Nilipolitaja tu hilo jina mwili wote ukapoa. Bwawa la Mtera lilijengwa litunze maji ya masika ili mitambo ya kituo cha Kidatu huko chini, megawati 204, izunguke kiangazi, mitambo ya Mtera yenyewe ilifungwa baadaye, 1988. Yaani mzigo wote nimembebesha mtunza ghala, mlaji sikumwandikia hata gramu moja. Sura mbili nikaandika upya, kuhitimu nikachelewa mwaka, na mama alishawatangazia ndugu wote.

Na siku hizi maji hayo hayo yanaingia Rufiji yanapita tena kwenye mitambo ya bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, kwa hiyo hata mgawanyo wa Mtera na Kidatu pekee hautoshi. Ila Kihansi, kituo kingine cha umeme wa maji, muiache, mmoja wenu kaiunganisha na Mtera wakati maji yake yanaenda mto Kilombero. Ramani mnazo, fungueni!

4. Mwaka wa data. Nyerere imeanza kuingiza umeme gridini 2024, ukichukua mchanganyiko wa umeme wa kabla ya hapo utaonyesha nchi inayotegemea zaidi gesi.

Anayehangaika na Mtera sasa hivi aje na eksel yake kabla hajaipeleka kwa supavaiza, jioni nipo, tutauchora mto wote kwenye karatasi.