Je, bibi yao alikuwa "binti wa mfalme"?

Dada, umesema mama mkwe wako wa Quebec anashikilia kuwa ukoo wao ulitokana na filles du roi, "mabinti wa mfalme", yaani wasichana ambao mfalme wa Ufaransa aliwagharimia waende kuolewa Kanada, nawe unataka uhakika kwa ajili ya wanao. Inawezekana, maana mapadri wa kule waliandika sana.

Usianze na huyo binti. Anza na mama mkwe mwenyewe, urudi nyuma ndoa kwa ndoa. Hati ya ndoa ya parokia kwa kawaida hutaja wazazi wa pande zote mbili, kwa hiyo kila moja inakuvusha kizazi kizima. Tena mwanamke aliandikwa kwa jina la kwao hata akishaolewa. Hiyo ni bahati kubwa. Jihadhari tu na majina yenye "dit" (maana yake "aitwaye", yaani jina la pili la ukoo): ndugu wa tumbo moja wanaweza kuishia na majina mawili tofauti.

Ukifika karne ya 17, tazama mwaka. Mabinti hao, kama 770 hivi, waligharimiwa na Louis XIV kati ya 1663 na 1673. Aliyeolewa kule 1655 si mmoja wao, hata familia ikiapa. Linganisha na sensa za 1666 na 1667, kisha mikataba ya ndoa. Mingine inataja zawadi ya mfalme ya livre 50, fedha ya Ufaransa ya zamani. Hifadhidata ya PRDH ya Chuo Kikuu cha Montréal, iliyokusanya rekodi za parokia za zamani za Quebec, itakupunguzia kazi.

Na shemeji akidai walikuwa makahaba, mwache aseme. Wengi walikuwa yatima, baadhi wametoka Salpêtrière, nyumba ya kuhifadhi maskini huko Paris.